SUMU ISIYOUA: HISTORIA YA NENO MOJA KATIKA KUMBUKUMBU YA KOMPYUTA

Katika darasa letu la Kiswahili la jioni huko Batsinda, mtaa ulio kaskazini mwa jiji la Kigali katika Wilaya ya Gasabo, siku moja tulipewa sentensi iliyotufanya tuweke chaki chini. Tulikuwa tumewataka wanafunzi waeleze kazi zao za mchana kwa Kiswahili, pasipo kuchanganya lugha. Zamu ikamfikia kijana mmoja ajifunzaye utungaji wa programu za kompyuta. Akatuonyesha karatasi yenye safu za tarakimu na herufi, akaweka kidole mahali palipoandikwa 6b6b6b6b, akasema: "Mwalimu, hapa pametegwa. Kumbukumbu hii imerogwa."

Darasa likacheka, na waliokulia Tanzania wakacheka zaidi. Yeye hakuona cha kuchekesha, maana katika Kinyarwanda kitenzi kuroga hubeba pia maana ya kumpa mtu sumu, na sumu yenyewe huitwa uburozi. Katika Kiswahili, kama tujuavyo, kuroga ni kufanya uchawi. Kumpa mtu sumu ni jambo jingine, na neno sumu lenyewe tumelipata kwa Waarabu. Mzizi wa Kibantu ni mmoja, lakini lugha mbili zimeupeleka njia mbili. Tukamsahihisha kijana: "Sema imetiwa sumu." Somo likaendelea.

Hata hivyo, tulipolifikiri jambo lile baadaye, tuliona kwamba kosa la mwanafunzi wetu lilikuwa limegusa kiini cha habari yenyewe. Madhumuni ya makala haya ni kueleza historia ya sumu hiyo: ilitumika wapi, hufanya kazi gani, na kwa nini yatupasa sisi walimu wa Kiswahili kuijua. Dai letu ni moja. Sumu ya kompyuta ilibuniwa ili kuondoa uchawi ndani ya kompyuta. Yaani kulifanya kosa la siri liwe kosa la wazi.

Anwani ya zamani

Yafaa kwanza tueleze ugonjwa kabla ya dawa. Kumbukumbu ya kompyuta ni mfano wa mtaa mrefu wenye vyumba vilivyopewa namba. Programu inapohitaji mahali pa kuweka maneno au hesabu zake, huomba chumba; ikisha kukitumia, hukirudisha ili apewe mwingine. Namba ya chumba huandikwa mahali fulani ili programu ikumbuke njia. Kimaandishi hicho twaweza kukiita kielekezi.

Katika lugha ya C, iliyotungwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, kuomba na kurudisha vyumba ni wajibu wa mtunzi wa programu mwenyewe. Lugha haimkumbushi. Akirudisha chumba, kielekezi chake hakifutiki; karatasi yenye namba ya zamani hubaki mfukoni. Wala chumba hakifagiwi. Vitu vya mpangaji wa kwanza hubaki vilevile mpaka mpangaji wa pili aje kuweka vyake.

Wakazi wa Batsinda hawahitaji maelezo mengi juu ya jambo hili. Mwaka 2008 mtaa wa Kiyovu cy'Abakene, yaani Kiyovu ya maskini, uliokuwa katikati ya Kigali, ulivunjwa, na baadhi ya wakazi wake wakahamishiwa Batsinda katika nyumba zilizojengwa kwa kusudi hilo. Hatukusudii hapa kuuhukumu uhamisho huo. Una mjadala wake, na wenyewe waliohamishwa ndio wenye haki ya kwanza ya kuusimulia. Twautaja kwa sababu kila aliyehama anajua taabu ya anwani ya zamani. Jamaa wa mbali anakuja mjini akiwa na maelekezo ya miaka mitatu iliyopita. Anashuka palepale alipozoea kushuka, anahesabu milango ileile.

Sasa tujiulize: ni lipi baya zaidi kwa mgeni huyo? Akikuta nyumba imebomolewa, ataduwaa, kisha atauliza, na ataambiwa kwamba watu wamehamia Batsinda. Akikuta nyumba ingali imesimama, mlango uko wazi, na ndani yumo mtu mwingine asiyemjua, huenda akaacha mzigo wake kwa mtu asiye wake, au akachukua barua isiyo yake. Nyumba iliyobomolewa humwambia kweli. Nyumba iliyosimama humdanganya.

Programu inayotumia kielekezi cha chumba kilichokwisha kurudishwa iko katika hali ya mgeni huyo. Ikisoma, huenda ikakuta vitu vya zamani bado vipo, nayo ikaendelea na kazi kana kwamba hakuna kosa. Huenda ikakuta vitu vya programu nyingine na kuvidhania vyake. Ikiandika, itaharibu mali ya mpangaji mpya, naye mpangaji huyo ataanguka baadaye, mahali pengine kabisa, na lawama itamwangukia asiyehusika. Leo kosa linatokea, kesho halitokei. Linatokea kwa mteja, halitokei kwa fundi. Hizo ndizo sifa ambazo watu wetu tangu zamani wamezipa jina la uchawi: madhara yapo, chanzo hakionekani, na anayeshtakiwa si aliyetenda. Kumbukumbu ya namna hii, kwa hakika, ndiyo iliyorogwa.

Neno juu ya ukuta

Katika jiji la Kigali, nyumba iliyoamriwa kubomolewa, hasa ile iliyojengwa bondeni penye hatari ya mafuriko, hupigwa alama ya X kwa rangi nyekundu, na watu husema kwamba nyumba hiyo imewekewa "Towa". Neno hilo ni letu. Ni kitenzi toa, katika matamshi ya Kiswahili cha Kongo, Burundi na Rwanda, na limeingia katika Kinyarwanda cha kila siku likiwa na uzito ambao kamusi zetu hazijauandika. Apitaye njiani hahitaji kuuliza. Ukuta wenyewe unasema.

Mafundi wa kompyuta walifikia wazo la jamaa hiyo. Walisema: chumba kinaporudishwa, tusikiache na vitu vya zamani, wala tusikiache kitupu, tukipake neno moja, kila pembe, neno ambalo hakuna mpangaji wa kweli angeliandika. Mgeni mwenye anwani ya zamani akiingia, hatakuta vitu vya kumdanganya. Atakuta neno lile, na fundi akiliona katika ripoti ya ajali atajua mara moja kilichotokea. Kitendo hicho ndicho walichokiita kutia sumu.

Neno lililopata umaarufu kuliko yote ni DEADBEEF, ambalo kwa Kiingereza lina maana ya nyama ya ng'ombe aliyekufa. Msomaji atauliza jinsi kompyuta inavyoweza kuhifadhi nyama mahali pa hesabu. Jibu ni kwamba mafundi huandika namba za kumbukumbu kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita. Tarakimu za kawaida, 0 hadi 9, hazitoshi. Kwa hiyo huongezwa herufi sita, A hadi F, ambapo A ni 10 na F ni 15. Hivyo DEADBEEF ni namba halali kabisa. Kwa hesabu tuliyoizoea ni 3,735,928,559. Ilitumika katika mashine za IBM za RS/6000 na katika nyinginezo. Mwaka 1994 Jeff Bonwick wa kampuni ya Sun Microsystems alieleza katika karatasi yake mpango mpya wa kugawa kumbukumbu katika mfumo endeshi wa Solaris. Katika mpango huo, mfumo ukiwa katika hali ya ukaguzi, chumba kilichorudishwa hujazwa DEADBEEF. Kabla ya kumpa mpangaji mpya, mfumo hukagua kama neno lile lingalipo. Likikutwa limebadilika, basi yuko mtu aliyeingia baada ya kuhama. Chumba kinachotolewa nacho hujazwa neno jingine, BADDCAFE, ili anayekisoma kabla ya kuweka kitu chake naye ajulikane.

Hapa tulipata zoezi zuri kwa darasa letu, na twawapendekezea walimu wenzetu. Wanafunzi na watafute maneno ya Kiswahili yanayoandikika kwa herufi A, B, C, D, E na F tu. Watapata baba, dada, beba, faa, ada, baada. Wakiunganisha mawili watapata sumu ya Kiswahili: DADABABA au BEBADADA, herufi nane kamili. Lakini zoezi lina fundisho la pili. Katika baadhi ya prosesa, kama zile za SPARC za kampuni ya Sun, programu ikijaribu kusoma neno la baiti nyingi kutoka katika anwani isiyogawanyika kwa mbili husimamishwa papo hapo. Kwa hiyo yafaa sumu iwe namba witiri, ili hata ikichukuliwa kimakosa kuwa anwani, programu isiende mbali. DEADBEEF huishia F, yaani 15, nayo ni witiri. Maneno ya Kiswahili huishia irabu, na katika herufi zile sita irabu ni mbili tu, A na E, yaani 10 na 14, zote shufwa. Kwa hiyo hakuna neno la Kiswahili la aina hii liwezalo kuwa sumu witiri, mpaka tulisaidie kwa tarakimu mwishoni. Silabi zetu wazi, ambazo ndizo utamu wa ushairi wetu, zimetunyima sumu kali. Wanafunzi waligundua jambo hili wenyewe, nao walifurahi kuliko siku tulipowafundisha ngeli.

Kutoka ukutani hadi rejistani

Linux ni mfumo endeshi ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, na kiini chake ndicho kiendeshacho simu zote za Android. Humo sumu haina maneno ya mzaha. Chumba kilichorudishwa hujazwa baiti 6b, na baiti ya mwisho huwa a5. Chumba kilichotolewa kabla ya kuandikwa hujazwa 5a. Mwaka 2006 sumu mbalimbali za kiini hicho zilikusanywa katika faili moja, iliyopewa jina la sumu yenyewe, ili mtunzi yeyote aone zote mahali pamoja, na ili sumu mbili zisifanane. Hizo 6b6b6b6b ndizo alizotuonyesha mwanafunzi wetu.

Tukumbuke kwamba 2008, mwaka ule ule wa kuhamia Batsinda, ndio Rwanda ilipoanza kuwagawia watoto wa shule za msingi kompyuta ndogo za mpango wa One Laptop per Child. Mashine hizo za rangi ya kijani na nyeupe ziliendeshwa na Linux. Sumu yetu, basi, ilikwisha kuingia nchini, ikiwa ndani ya maandishi ya mfumo ambao mtoto aliubeba mkononi.

Sumu ya kupaka ukutani ina udhaifu wake. Kwanza, humgundua mgeni baada ya kuingia, si kabla. Pili, chumba kikipewa mpangaji mpya upesi, rangi hufutika na mgeni hagunduliwi tena. Mwaka 2012 wataalamu wanne wa Google, Konstantin Serebryany, Derek Bruening, Alexander Potapenko na Dmitry Vyukov, walichapisha habari za chombo kiitwacho AddressSanitizer. Wao hawakuridhika na rangi ya ukutani. Walifungua rejista. Kwa kila baiti nane za kumbukumbu waliweka baiti moja pembeni, iitwayo kivuli, inayosema kama vyumba vile vinaruhusiwa kuingiwa au vimetiwa sumu. Kompaila huongeza, kabla ya kila kusoma na kila kuandika, swali dogo kwa rejista hiyo. Jibu likiwa ni sumu, programu husimama hapo hapo na kutoa taarifa: nani aliomba chumba, nani alikirudisha, na nani amerudi kukitumia. Vyumba vilivyorudishwa havitolewi upesi. Hutengwa kwa muda, ili mgeni mchelewaji naye akamatwe.

Chombo hicho huweka pia ukanda wa sumu katikati ya chumba na chumba. Mnyarwanda atauelewa ukanda huo akiutazama ua wa imiyenzi, mmea ambao Waswahili huuita mnyaa. Utomvu wake mweupe una sumu na huumiza macho, nao hupandwa kuzunguka boma. Hakuna anayeupanda kwa nia ya kumdhuru jirani. Hupandwa ili mpaka ujulikane, na ili avukaye mpaka ajue kwamba amevuka.

Gharama haikukosekana. Watungaji wenyewe walipima wakakuta programu inapungua mwendo kwa wastani wa asilimia 73. Faida nayo ilikuwa kubwa: katika kivinjari cha Chromium pekee waligundua kasoro zaidi ya 300 zilizokuwa hazijulikani. Mwaka 2015 chombo cha jinsi hiyo, kiitwacho KASAN, kiliingizwa katika kiini cha Linux. Lakini kwa sababu ya gharama ile, sumu hutiwa hasa katika karakana, programu inapojaribiwa. Simu iliyo mfukoni mwa abiria anayesubiri basi la Batsinda haiendi na rejista nzima ya sumu. Jambo hili tulikumbuke, maana tutalirudia.

Sumu ya kompaila

Kompaila ni programu inayogeuza maandishi ya binadamu kuwa amri za mashine. Humo neno sumu limepewa maana mbili nyingine, na mwalimu asipozitenga atawachanganya wanafunzi.

Ya kwanza ni ya kompaila ya GCC, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1987 na Richard Stallman. Inayo amri ya kulitia sumu jina. Mtunzi akiisha kuandika amri hiyo, jina lililotajwa likionekana tena popote chini yake, kompaila hukataa kuendelea. Watunzi wa GCC wenyewe huitumia kujizuia wao kwa wao wasiombe kumbukumbu kwa njia ya kawaida, bali kwa njia yao inayokagua kama ombi limekubaliwa. Hii si sumu ya chumba. Ni marufuku ya neno, kama vile mhariri anavyoorodhesha maneno asiyotaka kuyaona katika jarida lake.

Ya pili ni ya LLVM, mradi ulioanzishwa mwaka 2000 na Chris Lattner katika Chuo Kikuu cha Illinois. Katika lugha ya C, namba nzima kubwa kuliko zote katika biti 32 zenye alama ya kuongeza na kutoa ni 2,147,483,647. Ukiiongeza 1, lugha haisemi jibu ni nini. Kitendo hakina maana. Kompaila ifanye nini? Ikisimamisha kila kitu, itajinyima uhuru wa kupanga upya hesabu ili ziende upesi, maana pengine jibu lile halitatumika kabisa. Kwa hiyo huliandika jibu kuwa ni sumu. Kila hesabu inayolitegemea nayo huwa sumu, kama maziwa yaliyoharibika yanavyoharibu kila chungu yanachomiminwa. Pasipo kunywewa hayadhuru. Lakini programu ikiitegemea sumu hiyo kuchagua njia ya kufuata, hapo maana ya programu nzima imepotea.

Sumu hii haimo katika kumbukumbu hata kidogo. Imo katika mantiki ya kompaila tu. Nayo ilizaa mgogoro wa kweli, kwa kuwa sehemu mbalimbali za LLVM ziliielewa kwa namna zilizopingana. Mwaka 2017 watafiti, miongoni mwao Juneyoung Lee, Nuno Lopes na John Regehr, walionyesha kwamba mageuzi mawili, kila moja likionekana sahihi, yakiunganishwa huweza kutoa programu yenye kosa. Walipendekeza amri mpya ya kuigandisha sumu: kompaila ichague jibu lolote, lakini ikisha kulichagua lisibadilike. Amri hiyo iliingia katika LLVM toleo la 10, mwaka 2020. Kwa walimu wa lugha habari hii si ngeni. Watu wazima, wenye elimu, walikosana kwa miaka kwa sababu neno moja halikuwa limefafanuliwa.

Onyo lililofika, likakwama

Tulisema kwamba sumu hukaa karakana. Historia ya kasoro moja yaonyesha gharama ya umbali uliopo kati ya karakana na mfuko wa mtu.

Mwezi wa Novemba 2017 chombo cha Google kinachojaribu kiini cha Linux pasipo kuchoka, kikisaidiwa na sumu ya KASAN, kilitoa taarifa kwamba sehemu iitwayo Binder ilikuwa ikirudi katika chumba kilichokwisha kurudishwa. Binder ndiyo njia ambayo programu za Android hutumia kuzungumza zenyewe kwa zenyewe. Sumu ilifanya kazi yake, na kufikia mapema mwaka 2018 marekebisho yalikuwa yamekwisha kuingizwa katika Linux. Lakini hayakupelekwa katika kila simu. Simu kadhaa, miongoni mwake Pixel 2 na baadhi ya zile za Samsung, Huawei na Xiaomi, zilibaki na kasoro ile ile. Mwaka 2019 Maddie Stone wa kikundi cha Project Zero aliichunguza akathibitisha kwamba yawezekana kuitwaa simu kwa njia yake, na kulikuwa na habari kwamba wapo waliokuwa wakiitumia tayari dhidi ya watu. Marekebisho yakatangazwa kwa simu hizo mwezi wa Oktoba 2019.

Tutazame miaka hiyo. Kosa lilijulikana mwaka 2017; dawa ilikuwapo mwaka 2018; hatari iliendelea hadi mwaka 2019. Kilichoshindwa si sumu. Onyo lilitolewa kwa sauti, lakini halikufika kwa aliyepaswa kulisikia, na anayeumia ni mwenye simu asiyejua hata kama kulikuwa na onyo. Katika nchi zetu, ambamo fedha, barua na siri za familia vimo ndani ya simu, na ambamo simu hupita mikono miwili au mitatu kabla ya kufa, jambo hili si la mafundi peke yao. Mtu anayeombwa na simu yake akubali masahihisho, naye akaahirisha kila siku, angefanya haraka kama angeelewa kwamba kuna mlango ambao mgeni wa zamani bado anao ufunguo wake.

Ni haki pia kusema kwamba sumu si dawa ya mwisho. Google ilieleza kwamba katika Android kasoro zinazotokana na matumizi mabaya ya kumbukumbu zilikuwa asilimia 76 ya kasoro za usalama mwaka 2019, na zikashuka hadi asilimia 24 mwaka 2024. Na sababu iliyotajwa zaidi ni kuandika sehemu mpya kwa lugha kama Rust, ambazo humkataza mtunzi kutumia anwani ya zamani tangu mwanzo. Sumu humkamata mkosaji. Lugha njema humzuia asikose. Lakini maandishi ya C yaliyopo ni mengi mno, na kwa hayo sumu ingali inahitajika.

Tuseme nini kwa Kiswahili?

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maelekezo kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kupongezwa. Lakini maneno yale yalikuwa ya juu ya meza: fungua, hifadhi, chapa. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, na vijana wanaokijia darasani sasa wanataka kusema pia yaliyo chini ya meza.

Maoni yetu ni haya. Kwa sumu ya kumbukumbu, tuseme kutia sumu, na kumbukumbu iliyotiwa sumu. Kwa marufuku ya GCC, tusiwafuate Waingereza kwa kila hatua. Kiswahili kina kitenzi kuharamisha, na jina lililoharamishwa laeleweka zaidi kuliko jina lenye sumu. Kwa LLVM, tuseme thamani yenye sumu, maana huko kuenea kwa sumu ndiko hasa kunakokusudiwa. Aidha, tuwaonye wanafunzi kwamba ipo sumu ya adui. Mwaka 2008 Dan Kaminsky alitangaza jinsi mtu mwovu awezavyo kutia majibu ya uongo katika akiba ya kompyuta zinazotafuta anwani za tovuti. Hiyo nayo huitwa sumu, lakini mtiaji wake hujificha. Sumu ya mlinzi hujitangaza. Hapo ndipo tofauti ilipo.

Nalo neno kuroga? Twashauri lisitumike kwa maana hii katika Kiswahili, si kwa sababu ya usanifu tu. Nchini Rwanda, na penginepo katika Afrika ya Mashariki, kumwita jirani mtia sumu au mchawi ni tuhuma nzito. Imewahi kuvunja nyumba na ujirani, mara nyingi pasipo ushahidi wowote. Mwanafunzi anayejifunza kusema kwamba mashine imerogwa hujifunza pia kuacha kuuliza. Anayesema imetiwa sumu analazimika kujibu maswali yanayofuata: nani aliitia, lini, kipimo gani, na kwa alama ipi? Katika kumbukumbu ya kompyuta maswali hayo yote yana majibu, na majibu yameandikwa.

Juma lililofuata tulimwita kijana wetu mbele ya darasa aeleze upya. Akashika chaki, akachora nyumba mbili, akaandika Kiyovu chini ya ya kwanza na Batsinda chini ya ya pili. Juu ya ukuta wa nyumba ya kwanza akaandika 6b6b6b6b. Kisha akasema, kwa Kiswahili ambacho hatukuwa na la kukisahihisha: "Wenyewe wamehama. Hili neno limeandikwa ili ajaye asidanganyike." Mama mmoja aliyeketi nyuma, ambaye hajapata kuandika programu hata moja, akaitikia, "Kumbe ndivyo," akaandika sentensi ile katika daftari lake.